Kusugua, Kulisha Asidi, Kuvuta, Kulinganisha: Historia ya Fuwele za Redio na Vitenzi Vyake

Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha ufundi wa redio hukutana mara kwa mara na kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho aghalabu hukifasiri kwa neno "kurekebisha". Mpiga udi anayekaza nyuzi, msikilizaji anayezungusha kitufe cha redio ili apate stesheni, fundi anayeipa injini ya gari mwendo mzuri, na mtu anayetengeneza kipande cha fuwele ili kitoe mtetemo uliotakiwa, wote hao kwa Kiingereza hutumia kitenzi hicho hicho. Kwa hiyo mfasiri huona kwamba neno moja la Kiswahili latosha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba halitoshi. Kurekebisha ni kitenzi chenye ahadi ndani yake: kilichokazwa chaweza kulegezwa, na kilichopelekwa kulia chaweza kurudishwa kushoto. Historia ya fuwele za redio, hasa katika karakana ndogo za nyumbani zilizoanza Marekani na Uingereza katika miaka ya 1920, ni historia ya kazi ambayo sehemu yake kubwa haina marejeo. Mafundi wenyewe walizitenga kazi nne mbalimbali, na kila moja inastahili kitenzi chake. Bahati njema ni kwamba vitenzi hivyo tunavyo tayari.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya majina. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu ule ule mwanzo hadi mwisho, kama chumvi na sukari. Neno bilauri, ambalo asili yake ya Kiarabu ni jiwe hilo angavu, lilipofika kwetu lilihamia kwenye chombo cha kunywea maji. Limeshakaa mezani, na halifai tena kurudishwa maabara. Kwatsi ni fuwele ya silikoni na oksijeni, ndugu wa chembe za mchanga wa pwani. Ndilo jina linaloandikwa usoni mwa saa nyingi za mkononi. Osileta ni mtambo mdogo wa umeme unaozalisha mtetemo usiokoma. Marudio, katika makala haya, ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Sababu ya kutotumia neno masafa itaelezwa mbele.

1. Jiwe linalojibu umeme

Mnamo mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walitangaza kwamba fuwele za namna fulani, kwatsi ikiwamo, zikigandamizwa hutoa umeme juu ya nyuso zake. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwe kweli pia: fuwele ikitiwa umeme itajinyosha au kujikunja. Ndugu wale wakalithibitisha hilo kwa majaribio mwaka huo huo wa 1881.

Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini jambo hilo lilikuwa la maabara tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin wa Ufaransa alitumia vipande vya kwatsi kutuma na kupokea mawimbi ya sauti ndani ya maji ili kuzigundua nyambizi. Mmoja wa wataalamu walioifuata kazi hiyo alikuwa Walter Guyton Cady, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown, Connecticut. Cady aliona kwamba kila kipande kina mtetemo wake mmoja ambao hukipendelea kuliko mingine yote, na kwamba mtetemo huo hauyumbi kwa urahisi. Mwaka 1921 alikifunga kipande cha kwatsi katika sakiti ya valvu na kukifanya kiwe mtawala wa mtetemo wa sakiti nzima. Mwaka 1923 G. W. Pierce wa Chuo Kikuu cha Harvard alibuni sakiti nyepesi zaidi, iliyohitaji valvu moja tu. Kuanzia hapo osileta ya fuwele ikawa kitu kinachoweza kutengenezwa juu ya meza ya nyumbani.

2. Karakana ya nyumbani

Waliokuwa na haja kubwa ya kitu hicho walikuwa warushaji wa redio wa ridhaa, yaani watu waliojenga mitambo yao wenyewe na kuwasiliana hewani bila malipo. Mitambo yao ya awali ilikuwa na tabia mbaya ya kuhamahama. Valvu ikipata moto, marudio yalisogea. Upepo ukiitikisa antena, marudio yaliyumba pamoja nayo. Mtu aliyekusudia kukaa ndani ya eneo aliloruhusiwa na serikali yake aliweza kujikuta nje, juu ya mawasiliano ya meli au ya jeshi. Kipande cha kwatsi kilikomesha uhamaji huo.

Lakini kipande kilichotoka dukani hakikuwa rahisi kwa bei, na hakikuwa lazima kitetemeke pale mnunuzi alipotaka. Hivyo wengi walinunua vipande vilivyokatwa tu, wakavimalizia wenyewe. Kanuni ni nyepesi kuieleza: kadiri kipande kilivyo chembamba, ndivyo marudio yake yalivyo makubwa. Kwa mkato uitwao AT, uliotangazwa mwaka 1934 na Lack, Willard na Fair wa Maabara za Bell, ukiigawa namba 1.66 kwa unene wa milimita utapata marudio kwa megahezi. Kipande cha megahezi 7 kina unene wa milimita 0.237 hivi.

Hesabu ifuatayo yadhihirisha ugumu wa kazi yenyewe. Ukikipunguza kipande hicho kwa sehemu moja tu ya elfu ya milimita, marudio yake hupanda kwa hezi 30,000 hivi. Eneo waliloruhusiwa Wamarekani wa ridhaa katika sehemu hiyo, kutoka megahezi 7.0 hadi 7.3, lina upana wa hezi 300,000. Maana yake ni kwamba sehemu kumi za elfu za milimita, ambazo ni pungufu sana ya unene wa unywele, zatosha kukivusha kipande kutoka ukingo mmoja wa eneo hadi mwingine.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida: kipande cha kioo cha dirisha, unga mkali wa kusugulia uliochanganywa na maji ukawa kama uji mwepesi, maikromita, sabuni na kitambaa safi. Fundi aliweka kipande juu ya kioo, akakigandamiza polepole kwa kidole, na kukizungusha kwa mfano wa namba 8 ili pande zote zilike sawasawa. Baada ya mizunguko michache alikiosha, akakikausha, akakiweka kati ya bamba mbili za chuma na kusikiliza katika redio yake kimefika wapi. Mafuta kidogo ya kidole yalitosha kukizima. Joto la mkono nalo lilidanganya, kwa hiyo ilibidi kusubiri kipoe kabla ya kusoma kipimo. Kisha alirudia tena, mara nyingi, kila mara kwa mizunguko michache zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Fundi aliyepitiliza kidogo hakuwa na njia ya kurudisha kile alichokiondoa. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Palikuwa na hila moja: kuupaka uso wa kipande risasi ya penseli, au kuusugulia risasi laini ya kuchomelea, ili uzito ulioongezeka upunguze marudio kidogo. Hila hiyo ilisaidia kwa umbali mdogo tu, na kipande kilichotiwa uzito mwingi kilidhoofika au kunyamaza. Basi kazi hii ya kwanza jina lake halina utata: ni kusugua, na hila yake ni kutia uzito.

3. Vita na somo la asidi

Jeshi la Marekani lilipoamua kutumia fuwele katika redio zake za vita, haja iliruka ghafula kutoka maelfu ya vipande kwa mwaka hadi mamilioni. Kwatsi safi ya kutosha ilipatikana karibu yote nchini Brazil. Watu waliojua kuisugua walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wale wale wa ridhaa. Baadhi ya viwanda vilivyotegemewa vilikuwa vimeanzishwa na watu hao. Mathalani kampuni ya Bliley, iliyoanza mjini Erie, Pennsylvania, mwaka 1930. Filamu ya mwaka 1943 ya Reeves Sound Laboratories ya New York, iitwayo Crystals Go to War, yaonyesha hatua kwa hatua jinsi wafanyakazi, wengi wao wanawake, walivyokata, kusugua na kupima vipande hivyo.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo karakana za nyumbani hazikuwa zimeliona kwa ukubwa huo. Vipande vilivyopita vipimo vyote kiwandani vilifika vikosini vikiwa vimehama marudio yake au kudhoofika, na vingine vilikuwa vimezima kabisa, hasa penye joto na unyevu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa lilikuwa katika kusugua kwenyewe. Unga mkali huacha juu ya uso tabaka jembamba la chembe zilizovunjika, ambazo bado zimeshikilia lakini si sehemu imara ya fuwele. Kadiri siku zinavyopita tabaka hilo hubadilika, na marudio hubadilika pamoja nalo.

Dawa yake ikawa kuacha kusugua kabla ya kufika, kisha kumalizia kwa kemikali za floridi zinazoila kwatsi. Kemikali huondoa tabaka lililoharibika na kuacha uso mzima. Njia hiyo ilitakiwa kuwa kanuni ya utengenezaji, na hadithi za fuwele zinazozeeka mapema zikapungua. Katika utaratibu huo mpya neno la kiwandani halikuwa tena kusugua hadi mwisho, bali kusugua hadi karibu, kisha kulisha asidi hadi mwisho.

Tofauti hiyo si ya mapambo ya lugha. Asidi ya floridi hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu iliyo mwilini hata mifupani, na maumivu yake huweza kuchelewa hadi madhara yawe makubwa. Karatasi ya maelekezo inayomwambia mwanafunzi "rekebisha fuwele" haimwambii kama achukue unga, asidi, au bisibisi. Katika jambo hili ufinyu wa msamiati waweza kumtia mtu kilema.

Baada ya mwaka 1945 vipande vya ziada vya jeshi, hasa vile vya kasha liitwalo FT-243, viliuzwa kwa bei ya chini. Karakana za nyumbani zikapata uhai mpya: watu walifungua makasha hayo, wakavisugua tena vipande kwa unga, wengine hata kwa dawa ya meno, ili kuvipandisha hadi maeneo ya ridhaa. Katika miaka iliyofuata fuwele za kwatsi zilianza kukuzwa viwandani ndani ya mitungi ya mgandamizo mkubwa, na utegemezi kwa migodi ya Brazil ukapungua.

4. Kuvuta na kulinganisha

Kadiri fuwele zilivyozidi kuwa rahisi kupatikana zikiwa zimefungwa kabisa ndani ya kasha la chuma au la kioo, fundi wa nyumbani alikosa nafasi ya kuugusa uso wake. Kazi yake ikahamia nje ya kasha. Alifunga kapasita ndogo ya kuzungusha kando ya fuwele, na kwa kuigeuza aliweza kuyasogeza marudio juu au chini kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache za kumi au za mia katika milioni. Mafundi wa Kiingereza waliita kazi hiyo kuvuta, na sisi hatuna sababu ya kuliacha neno hilo: fuwele ina mahali pake, na kapasita huivuta kidogo tu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kazi hii, tofauti na zile mbili za mwanzo, ina marejeo.

Adui mkubwa aliyebaki ni joto. Hata mkato wa AT hubadilika kidogo joto linapobadilika. Kwa hiyo osileta za vipimo sahihi hufungwa ndani ya tanuri ndogo inayotunzwa katika joto lisilobadilika, lililo juu kuliko joto la chumbani, mahali ambapo mabadiliko madogo ya joto hayaonekani kwenye marudio. Osileta za namna hiyo, zilizoondolewa katika mitambo ya simu na vyombo vya vipimo, ndizo zinazopatikana leo katika karakana nyingi za wapenzi wa vipimo. Mwenye nayo hutakiwa kuiacha iwake siku kadhaa mfululizo kabla ya kuigusa, kwa maana fuwele iliyotoka kuwashwa haijatulia.

Lakini kuivuta iende wapi? Hapa tunafikia kazi ya nne. Hakuna osileta inayojijua kuwa ni sahihi. Husemwa ni sahihi kwa kuwekwa mkabala na nyingine inayoaminika zaidi. Serikali ya Marekani ilianza kutangaza marudio ya vipimo hewani kupitia stesheni ya WWV mwaka 1923. Stesheni hiyo, ambayo tangu 1966 iko Fort Collins, Colorado, husikika katika megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20. Nchini Uingereza karakana nyingi zilitegemea kwa miaka mingi mtambo wa BBC wa Droitwich, ambao wimbi lake lilikuwa la kilohezi 200 hadi mwaka 1988, kisha 198.

Njia yenyewe haihitaji chombo cha thamani. Mawimbi mawili yaliyokaribiana yakichanganywa katika kipokezi kimoja, sauti hupanda na kushuka kwa mapigo, na idadi ya mapigo katika sekunde ni sawa na tofauti ya marudio. Mtu anayelinganisha osileta yake na WWV kwenye megahezi 10, akasikia pigo moja kwa sekunde, anajua kwamba amekosea kwa sehemu moja katika milioni kumi. Saa yenye kosa la kiasi hicho ingepotea sekunde 3 hivi kwa mwaka. Anaigeuza kapasita polepole hadi mapigo yawe ya taratibu kabisa. Zaidi ya hapo hewa yenyewe humzuia: tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi hupanda na kushuka, nalo huongeza kosa lake. Tangu mfumo wa setilaiti wa GPS ukamilike mwaka 1995, mtu wa nyumbani ameweza kulinganisha fuwele yake na saa za atomu zilizo angani, na kuupita mpaka huo.

Hivyo kulinganisha si kuvuta. Kuvuta ni tendo la bisibisi. Kulinganisha ni tendo la hukumu. Mtu aweza kuvuta bila kulinganisha, na asijue alikofika. Aweza pia kulinganisha bila kuvuta, akaandika kosa katika daftari na kuliacha kama lilivyo. Maabara nyingi hufanya hili la pili.

5. Masafa au marudio?

Limebaki swali la jina la kile kinacholinganishwa. Neno masafa limeenea sana katika sheria, leseni na matangazo ya redio, na hapana haja ya kuling'oa. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba maana yake ya asili ni umbali, na ndivyo tusemavyo bado: masafa ya maili kumi. Lililingia redioni wakati mawimbi yalipotajwa kwa urefu wake. Wasikilizaji wa miaka ya 1970 walitangaziwa stesheni kwa mita, na masafa mafupi kwao yalikuwa ni mawimbi mafupi kweli.

Sasa, fuwele ndiyo iliyobadilisha mambo. Urefu wa wimbi hupimwa kama kamba. Marudio huhesabiwa kama shanga. Mara vipimo vya fuwele vilipoenea, kuhesabu kukawa sahihi mno kuliko kupima urefu, na mkutano wa kimataifa wa redio wa Washington wa mwaka 1927 ukaigawa anga kwa marudio, mita zikiwekwa kando kama makadirio. Mwaka huo huo Marrison na Horton wa Maabara za Bell waliunda saa ya kwanza ya kwatsi. Wimbi la redio na sekunde ya saa vikawa kitu kimoja. Mwaka 1960 jina hezi likachukua nafasi ya "mizunguko kwa sekunde" katika vipimo vya kimataifa.

Matokeo katika lugha yetu ni tatanishi kwa mwanafunzi. Masafa mafupi yana marudio makubwa, na masafa marefu yana marudio madogo. Mwalimu anayetumia neno masafa kwa dhana zote mbili hulazimika kusema kwamba masafa yakifupika masafa huongezeka, na darasa humcheka kwa haki.

6. Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, yapendekezwa kwa wafasiri, walimu na maofisa kwamba:

(a) Kusugua litumike kwa kupunguza unene wa fuwele kwa unga, na kutia uzito kwa kuushusha mtetemo wake kwa kuongeza kitu juu ya uso.

(b) Kulisha asidi litumike kwa kumalizia kwa kemikali, na kila mara lifuatane na onyo.

(c) Kuvuta litumike kwa kusogeza marudio kwa kapasita au kwa volteji.

(d) Kulinganisha litumike kwa kuweka mtambo mkabala na kipimo kinachoaminika, ama utarekebishwa baadaye ama hautarekebishwa.

(e) Kurekebisha libaki kwa mambo yenye marejeo, kama kitufe cha redio.

(f) Masafa libaki kuwa jina la eneo la mawimbi katika leseni na matangazo, na marudio liwe jina la hesabu ya mitetemo kwa sekunde katika vitabu vya sayansi.

Huenda msomaji akauliza: je, hatukuazimia kwamba dhana moja iwe na istilahi moja? Kwa hakika tuliazimia hivyo, na mapendekezo haya yanalitii azimio hilo. Ni Kiingereza ambacho, katika jambo hili, kimebebesha kitenzi kimoja dhana nne. Mfasiri hana wajibu wa kuurithi mzigo huo. Wajibu wake ni kutazama mkono wa fundi unafanya nini.

Hitimisho

Mara nyingi katika kazi ya istilahi tunaanza na orodha ya maneno ya kigeni na kutafuta visawe vyake mstari kwa mstari. Historia ya fuwele yatufundisha njia nyingine: kuanza na kazi, kuzitenga hatua zake kama walivyozitenga wale walioifanya, na kisha kuuliza lugha yetu ina nini. Katika mfano huu lugha ilikuwa na kusugua, kulisha, kuvuta na kulinganisha, maneno ambayo seremala, mfugaji na muuza duka huyatumia kila siku. Hakuna hata moja lililohitaji kubuniwa. Lililohitajika ni kuyapa mipaka, na mipaka hiyo ikishakubaliwa, mwanafunzi atakayesoma karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili atajua kabla hajanyosha mkono kama kile anachotaka kukifanya kina marejeo au hakina.